Kuchagua Jeki ya Magurudumu

Mkulima mwenye pikapu ya kupelekea maziwa yafaa awe na jeki nyumbani. Kabla ya kununua jeki ya magurudumu, tazama mambo matatu:

1. Uzito ulioandikwa juu yake. Kwa pikapu ya tani 2, chukua jeki ya tani 3.

2. Kimo. Ikishushwa ipite chini ya gari. Ikipandishwa iinue gurudumu.

3. Mahali pa kazi. Jeki hii hutaka sakafu ngumu iliyo sawa. Kwenye udongo huzama, na gari laweza kuanguka.

Kumbuka: jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mafuta yake yakivuja, gari hushuka. Kwa hiyo nunua pia stendi mbili za chuma, uziweke kabla ya kuingia chini ya gari. Stendi hununuliwa dukani, uhai haununuliwi.