Kumtoa mtu nyumbani kwake, halafu kumpelekea futari

Ramadhani, siku ya 1

 

Jana usiku kwenye Tarawehe tumeanza juzuu ya kwanza. Tulipofika Suratul Baqara aya ya 84 na 85 wengi tulikuwa tunasinzia, na mimi nikiwemo. Nawaomba leo mzirudie nyumbani, tafsiri ikiwa mkononi.

Hapo Allah (s.w.) anawakumbusha Bani Israil ahadi waliyoichukua: wasimwagane damu, na wasitoane majumbani mwao. Na hao ndio waliojua kufukuzwa kukoje. Kabila lao la Naftali, lililokaa kando ya ziwa la Galilaya, lilitekwa na mfalme wa Ashuru kiasi cha mwaka 732 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Watu wakaswagwa hadi nchi ya ugenini, na kabila likapotelea huko.

Wafasiri wanaeleza kilichotokea Madina kabla ya Uislamu. Makabila ya Kiyahudi yaligawanyika, wengine upande wa Aus, wengine upande wa Khazraj. Vita vikilipuka, Myahudi anamuua Myahudi mwenzake na kumfukuza kwake. Vita vikiisha wanachangishana fedha kuwakomboa mateka wao, maana Torati imeamuru mateka akombolewe. Aya inawauliza: mnaamini sehemu ya Kitabu na kukataa sehemu nyingine? Kukomboa ni jema, hakuna anayebisha. Lakini huyo mateka nani alimtoa nyumbani?

Sisi wa Arusha hatuhitaji kwenda Madina kutafuta mfano. Wazee wa Meru wanaijua habari ya Ngare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa watu kama 3,000 kule, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge. Nyumba zikachomwa, watu wakaambiwa wahamie King'ori. Na kazi hiyo waliipa jina la Operesheni Exodus! Exodus ni jina la kitabu cha Torati kinachoeleza Bani Israil walivyotoka utumwani Misri pamoja na Nabii Musa (a.s.). Jina la kukombolewa wakalibandika kwenye kufukuza.

Wameru wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akiwa na wakili wao Earle Seaton. Baraza la Udhamini likamsikiliza, likasema linasikitika, lakini ardhi haikurudi. Serikali nayo ikatoa fidia, na Wameru wengi wakaikataa. Hapo ndipo huwa nasimama. Mtu masikini, nyumba imeungua, anakataa pesa! Kwa sababu waliona kinachotolewa siyo kilichochukuliwa.

Wengi wao walikuwa Walutheri, siyo Waislamu. Najua kuna atakayeuliza inatuhusu nini. Dhulma haiulizi dini ya aliyedhulumiwa, na dua yake haina pazia.

Sasa yangu mwenyewe. Baba yangu mdogo alipofariki tulikaa kikao cha ukoo. Mama mdogo alikuwa kwenye eda, miezi 4 na siku 10 haijatimia, na wakubwa wakaamua nyumba iuzwe, eti hakuzaa mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili. Kwa Qur'ani mke mwenye watoto ana thumni yake na mabinti wawili wana theluthi mbili. Ndugu wa marehemu wanasubiri kitakachobaki. Mimi niliyajua hayo, nimesoma madrasa. Nilinyamaza, nikasaini muhtasari pamoja na wenzangu.

Tangu hapo kila Ramadhani tunampelekea futari. Tende, mchele, mafuta, sukari, na mwaka juzi tulimwongezea kanga mbili. Anapanga chumba Kijenge. Anapokea, anatuombea dua, na sisi tunarudi nyumbani tumeridhika kabisa kwamba tumefanya wema.

Jana baada ya Tarawehe nilimpigia simu, hakupokea. Leo baada ya Adhuhuri nakwenda, na safari hii sichukui mchele. Nachukua nakala ya ule muhtasari. Kaka zangu nimewaambia, mmoja amekubali tufuatane, mwingine amekata simu.

Mwenye jambo la mirathi lililokwama, au lililopitishwa kimya kimya kama letu, sheikh atakuwepo msikitini kila siku baada ya Alasiri mpaka Magharibi. Njoo na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, na orodha ya warithi wote, wanawake wakiwemo.

Taqabbala Allahu minnaa wa minkum.