Vua Viatu, Panda Kitandani Kwanza

Haya wadogo zangu, sogeeni. Barua zenu nimezisoma na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na safari hii nyingi zimetoka kwenu mliokwisha kutia mizizi Ujerumani. Hamburg, Bremen, Stuttgart, hadi Munich, swali ni lilelile: "Dada, watoto wamekua, hoteli zimetuchosha, tunataka gari-nyumba. Tuchukue Hymer au Dethleffs? Knaus au Hobby?" Mmoja wa Bremen kaongeza kwamba mumewe keshachagua, kwa sababu jirani yao analo hilohilo, na jirani ni Mjerumani, kwa hiyo anajua.

Nimecheka peke yangu jikoni. Sikukucheka wewe, mdogo wangu. Nilimkumbuka shemeji yenu.

Gari letu la kwanza tulilinunua mtumba, la miaka 12, kwa mzee mmoja mpole ambaye mkewe alitukatia keki. Shemeji yenu aliiona nembo puani mwa gari, nembo ya kiwanda kikongwe ambacho sitakitaja maana kosa halikuwa lake, akalainika kama samli juani. Ndani kulinukia lavanda. Mimi nikasema moyoni, hawa watu ni wasafi. Tukalipa siku ileile. Mvua za Oktoba zilipoanza nikafungua kabati la juu ya kitanda nitoe shuka, shuka nzito kama imetoka kufuliwa. Nikabonyeza ukuta kwenye kona kwa kidole gumba. Kidole kikazama, kama unapobonyeza andazi lililolowa chai. Nyuma ya karatasi ile nzuri ya maua ubao ulikuwa umeshakuwa uji. Lavanda ilikuwa kazini muda wote huo, sisi tukaiita usafi.

Bei aliyotutajia fundi ilikaribia nusu ya ile tuliyonunulia gari. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Kwa hiyo mkiniuliza lipi, nawajibu kwanza: maji yamepita wapi? Ukuta wa magari haya umepangwa kama mkate wa kupaka. Nje kuna ngozi ya aluminiamu au faibaglasi, katikati povu, ndani ubao mwembamba, na katika mengi ya zamani kuna fremu ya mbao humohumo. Maji huingilia kwenye maungio: dirisha la paa, taa za juu, ukingo wa kona, pale ambapo mtu alitoboa tundu la antena. Yakishaingia hayana haraka. Yanakula kimyakimya miaka mitatu, minne, na wewe unapika chapati zako juu yake. Ndiyo maana viwanda hutoa dhamana ya maji kutopenya kwa miaka kadhaa, vingine hadi 10, lakini kwa sharti: kila mwaka gari lipelekwe kupimwa unyevu na kijitabu kigongwe mhuri. Mhuri ukiruka mwaka mmoja, dhamana imekufa. Basi ukienda kuangalia la mtumba, kabla ya keki, omba kijitabu. Kisha toa magodoro, fungua makabati yote, ingiza mkono kwenye pembe, bonyeza, nusa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku mvunguni ni mvunguni kweli, utatoka na vumbi magotini. Muuzaji akikukunjia uso, mwache na uso wake.

Si kwamba majina makongwe hayana maana. Yanayo, na yana hadithi tamu. Kule Isny, karibu na Milima ya Alpi, bwana Arist Dethleffs alikuwa wa familia ya kutengeneza mijeledi na fimbo za kuteleza kwenye theluji, akizunguka kuuza bidhaa. Mchumba wake, Fridel Edelmann, alikuwa mchoraji, na hakutaka kuachwa nyumbani kila bwana anapoondoka. Mwaka 1931 akaundiwa kijumba cha kukokotwa nyuma ya gari. Kumbe karavani ya mwanzo ya Wajerumani ilizaliwa na mwanamke aliyekataa kubaki! Na Erwin Hymer wa Bad Waldsee alianza mwaka 1957 na karavani iliyobuniwa na Erich Bachem, mtu aliyewahi kuunda ndege ya roketi wakati wa vita. Mwaka 1961 akatoa gari-nyumba lake la kwanza. Mkitaka kuyaona ya zamani, Bad Waldsee kuna makumbusho yenye jina lake, wapelekeni watoto.

Faida ya ukongwe ninayoijua mimi ni ya kifundi. Ukivunja kitasa cha dirisha miaka 15 baadaye, kuna mahali pa kukiagiza. Kuna wakala mji wa jirani. Siku ya kuuza, simu zinalia. Hayo si madogo. Lakini usidhani nembo ya puani ndiyo iliyotengeneza kila kitu. Lipekue hilo la jirani yako wa Bremen, huenda chini, kama mengi, ni Fiat Ducato, gari la mizigo linalotoka Atessa, Italia. Hita huenda ni Truma, friji ni ya kampuni nyingine kabisa. Na viwanda vyenyewe vimeoana: Hymer, Dethleffs, Bürstner, LMC, na hata Carado na Sunlight mnazozidharau kwa kuwa bei yake nafuu, zote ni za ukoo mmoja, na ukoo huo tangu 2019 ni mali ya Thor ya Marekani. Sasa wewe unagombana na mumeo kuhusu mtoto gani wa mama mmoja ni bora.

Ugombane naye kuhusu uzito. Hapa naomba mniangalie usoni.

Leseni ya B ya Ujerumani, ambayo wengi wenu mnayo, mwisho wake ni kilo 3,500. Wazee waliopata leseni kabla ya 1999 wanaruhusiwa hadi 7,500, ndiyo maana jirani anaendesha limeli lake bila wasiwasi. Anaweza kweli akajua, lakini anajua ya kwake. (Na wewe uliyefika juzi na leseni ya Kenya au Tanzania, inakufaa miezi 6 tu tangu uhamie, kisha ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Usianze na gari-nyumba, anza na mtihani.)

Haya, chukua kalamu. Gari limeandikwa kilo 3,500 mwisho, na likiwa tayari kwa safari ni kilo 3,050. Unafurahi, una kilo 450 za kujaza. Ngoja. Katika zile 3,050 aliyehesabiwa ni dereva peke yake, kilo 75. Mweke mwenzio na watoto wawili waliokwisha kuota ndevu, kwa kipimo hichohicho, zimekwenda 225. Maji nayo mara nyingi kiwanda huyahesabu lita 20 tu, ukijaza tangi la lita 100 umeongeza kilo 80. Baiskeli nne za umeme nyuma, kilo 25 kila moja, hizo 100. Zimebaki 45. Bado hujatia nguo, mchele, viti, sufuria, wala lile turubai la kivuli na paneli ya jua ambavyo muuzaji alikuambia ni zawadi ya maonyesho. Na juu ya yote sheria inakiruhusu kiwanda kitofautiane kwa asilimia 5 na uzito kilichoandika, yaani gari lako lingeweza kutoka mlangoni likiwa limezidi kilo 150, na hakuna aliyevunja sheria ila wewe siku utakaposimamishwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kina polisi.

Sasa mtaniambia, dada, tuchukue la zaidi ya 3,500 tuondokane na hesabu. Sawa, kama leseni inaruhusu. Lakini kwenye barabara kuu za Ujerumani utabanwa kilomita 100 kwa saa, na ukivuka Austria hulipi tena ushuru wa muda kama gari dogo, unalipia kila kilomita kwa kile kidude chao cha kioo cha mbele. Wapo wanaoona ni sawa. Mimi ningemwomba muuzaji twende mizanini na gari lenyewe kabla ya saini, vitu vyote alivyovifunga vikiwa juu yake. Anayekataa kupima anajua jibu.

Na mikanda! Barua moja inasema, "limetutosha, lina vitanda 6". Mdogo wangu, vitanda 6, mikanda mingapi? Utakuta 4. Wale wawili watalala vizuri sana, tatizo ni kuwafikisha. Najua mnavyowaza, mama akija kutoka Mombasa au Tanga, na shangazi naye. Tuseme ukweli, mama atakuja wiki 3 katika miaka 4, na usiku wa kwanza tu atauliza choo kiko wapi, na ukimwonyesha kile cha kaseti karibu na jiko ataomba hoteli. Nunua kwa ajili ya wanaopanda kila mwezi.

Ndiyo nikasema vueni viatu. Mkifika dukani, au kule Düsseldorf kwenye maonyesho makubwa ya mwisho wa Agosti ambako viwanda karibu vyote vinajipanga, msisimame mlangoni kupiga picha za kutuma nyumbani. Pandeni kitandani wote wawili mlale dakika kumi. Kitanda kilichokingama nyuma kinapunguza urefu wa gari, ila anayelala upande wa ukutani akitaka kujisaidia saa nane usiku atapita juu ya mwenzake. Mara ya kwanza mtacheka. Usiku wa tano mtasikia habari zake nami nitapata barua nyingine. Vitanda viwili vya urefu havina ugomvi, ila gari linarefuka. Kitanda cha kushuka darini ni kizuri kwa mtu ambaye hajachoka, maana kila jioni meza ikae sawa kwanza ndipo kishuke. Kisha simama jikoni, jifanye unapika. Chukua sufuria yako ya pilau kutoka nyumbani, ndiyo, ibebe, iweke juu ya lile jiko la mafiga matatu uone kama yanabaki matatu au moja. Na samaki hakaangwi ndani. Mapazia yale hayasahau.

Anayefunga mtungi wa gesi na anayemwaga choo mpangane kabla ya kununua. Nimeona ndoa imara ikiyumba mbele ya shimo la kumwagia kaseti.

Halafu kodini kwanza. Msikodi Julai, kila mtu ni hodari Julai. Kodini Novemba siku tatu, mvua, giza saa kumi na moja jioni, watoto na soksi mbichi. Mkirudi bado mnaongea, njooni tuzungumze habari za bei. Katika bei hiyo tieni bima, kodi ya barabara, ukaguzi wa gari, ukaguzi wa gesi kila miaka 2, ule mhuri wa unyevu, na mahali pa kuliegesha miezi ambayo halitoki, kwa sababu mita 7 haziingii mbele ya fleti yako na majirani watapiga simu.

Sisi siku hizi tuna la bodi ya bati, mita 6 kasoro, upana wa Ducato lenyewe, mita 2 na vidole vichache. Jina lake si la kutambia harusini. Limebaki na kilo za kutosha kwa mchele wa mwezi, na pembe zake nimezibonyeza zote kwa kidole gumba hikihiki. Shemeji yenu hajapona kabisa. Tukiwa barabarani likapita lile lenye nembo yake, hupunguza mwendo akalisindikiza kwa macho hadi lipotee kwenye kona. Mimi humgusa bega nikamwambia, baba, taa imekuwa kijani.