Somo la Bei: Jinsi ya Kupima Habari za Biashara ya Karafuu Zitokazo Nje



Kila msimu uingiapo, habari za bei huingia nao. Ati Dubai kilo moja imefika dola kadha. Ati Wahindi wanatafuta karafuu kwa taa. Ati Madagascar kimepita kimbunga na mikarafuu yote imelala chini. Zamani habari kama hizi zilikuwa chache, na wenye kuzipata walikuwa wachache zaidi. Waya wa simu ulipofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, habari za masoko ya ng'ambo zikaanza kufika upesi, lakini zilifika mezani kwa tajiri, si barazani kwa mkulima. Leo mambo yamegeuka. Simu ya mkononi ya kijana achumaye karafuu yaweza kufungua hesabu za forodha za nchi nyingi za dunia. Shida yetu si kukosa habari tena, bali ni kwamba habari njema na habari mbovu zapita mlango mmoja, tena zimevaa nguo moja.

Huenda mwanachama akauliza: "Karafuu zangu nazipeleka ZSTC, na bei imekwisha tangazwa. Bei ya Singapore yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Mtu asikiapo uvumi wa bei kubwa huficha magunia chumbani akingoja neema, na karafuu isiyokauka vyema huota ukungu papo hapo chini ya kitanda. Mwingine huchukua deni la harusi kwa kutegemea bei ambayo haikupata kuwapo. Na yuko yule aliyeuza vitawi vingali juu ya mti kwa thamani ndogo, kwa sababu mnunuzi alimwonyesha kwenye simu kwamba "dunia imeanguka". Kadhalika, wajumbe wetu waendapo kuzungumza habari ya bei, wakishika tarakimu ya uvumi watanyamazishwa kwa swali moja tu: "Mmeitoa wapi?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba maneno hayapokelewi mpaka ijulikane sanad yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa nani, na kila mmoja wao ni mtu wa namna gani. Bei nayo ina sanad yake. Ujumbe uliopelekwa simu hamsini hauna nguvu ya mashahidi hamsini. Ni shahidi mmoja, na aghalabu hajulikani jina.

Kwanza tuondoe kosa moja kubwa. Watu husema "bei ya dunia ya karafuu" kana kwamba iko mahali imeandikwa. Haiko. Kahawa ina masoko yake makubwa ya mikataba huko New York na London, na bei yake hutangazwa kila siku ya kazi. Karafuu haina soko la namna hiyo. Huuzwa mtu kwa mtu, mzigo kwa mzigo, na kila mzigo una daraja yake, ukavu wake na masharti yake. Basi mtu akikwambia "bei ya dunia leo ni kadha," muulize: bei ya karafuu ya wapi, daraja gani, iliyofikishwa bandari gani, na ni nani aliyelipa? Akishindwa kujibu hata mawili katika hayo, mshukuru kwa mazungumzo ukaendelee na kazi yako.

Kwa kuwa soko moja haliko, mahali pa kuaminika zaidi pa kuanzia ni forodhani. Meli ikishusha karafuu, forodha ya nchi ile huandika uzito na thamani ili itoze ushuru. Hesabu hizo hukusanywa na Umoja wa Mataifa katika hazina yake iitwayo UN Comtrade. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, kilichoanzishwa mwaka 1964 na chenye makao yake Geneva, nacho huzipanga kwa njia iliyo rahisi zaidi kusoma katika ukurasa wake uitwao Trade Map. Asiyejua Kiingereza sana asiogope, kwani bidhaa zina namba zao, na namba haina lugha. Karafuu ni 0907. Karafuu nzima ni 090710, na iliyosagwa ni 090720. Namba hizi ni zile zile katika forodha zote zinazofuata mpango huo ulioanza kutumika mwaka 1988, nazo ni karibu zote. Mafuta ya karafuu hayamo humo. Hayo yamo katika fungu la mafuta ya mimea, 3301. Na usitafute jina la Zanzibar. Karafuu zetu zimeandikwa chini ya Tanzania, na wengi wameshindwa hapo wakadhani hatumo kabisa.

Ukiisha kupata uzito na thamani, gawa thamani kwa uzito, nawe utapata dola kwa kilo. Hesabu hii ni nyepesi, lakini ina mitego, na hapa nawaomba msome polepole.

Fungu la 0907 halina karafuu peke yake. Ndani yake mna karafuu, mna matunda yake, na mna makonyo pia. Natuseme nchi fulani imeingiza tani 50 kwa dola 300,000. Ukigawa utapata dola 6 kwa kilo. Lakini ikiwa katika tani zile 20 zilikuwa makonyo ya dola 1 kwa kilo, basi makonyo yote yalikuwa dola 20,000. Zimebaki dola 280,000 kwa tani 30 za karafuu, yaani dola 9 na senti 33 kwa kilo. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano tu, ila jambo lenyewe ni la kweli, na tofauti ya dola 6 na dola 9 si ndogo kwa mtu mwenye pishi chache. Ndiyo maana haifai kutegemea nchi moja au mwezi mmoja. Tazama nchi tatu nne, na miezi mingi. Penye tani mbili tatu tu usiamini kabisa, maana kosa la karani mmoja laweza kuipandisha bei mpaka mbinguni.

Mtego wa pili: mzigo mmoja huandikwa mara mbili. Nchi inayopeleka huandika kwa kawaida thamani ya mali ikiwa imepakiwa melini katika bandari yake. Wafanya biashara huiita FOB. Nchi inayopokea huongeza nauli na bima, ikawa CIF. Kwa hiyo tarakimu ya India haitalingana na ya kwetu hata kama makarani wote ni waaminifu. Tofauti ndogo si ajabu. Lakini tofauti ikiwa kubwa mno, au nchi moja yasema imenunua kwako na wewe katika hesabu zako hukuiuzia, hapo pana jambo: pengine mali imepita nchi ya tatu, pengine imeandikwa namba nyingine, na pengine imetoka kwa njia za usiku ambazo sote twazijua majina yake.

Tena iko Singapore. Ukifungua orodha ya wauzaji wa karafuu utaiona imekaa miongoni mwa wakubwa, na Falme za Kiarabu nazo zimo, ilhali huko hakuna mashamba ya mikarafuu. Hao hununua kwa wengine na kuuza tena. Mzigo wa Madagascar ukipita Singapore kwenda India waweza kuhesabiwa mara mbili katika jumla ya dunia. Basi anayekwambia "dunia imejaa karafuu mwaka huu" huenda amezihesabu gunia zile zile mara mbili.

Kwa habari ya mavuno, watu wengi hutegemea FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Hapa nitatoa ushauri mmoja ambao wasomaji wengi huupita. Kando ya kila tarakimu ya FAO pana herufi ndogo. Herufi A maana yake tarakimu ni rasmi, imetolewa na serikali. Herufi E ni makadirio. Herufi I maana yake hesabu imejazwa kwa kanuni mahali palipokuwa pengo. Ukurasa mmoja waweza kuwa na zote tatu, na anayenakili bila ya kutazama herufi hukuletea makisio akayaita ushahidi. Aidha hesabu hizo huchelewa mwaka na zaidi. Zafaa kujua mwendo wa miaka kumi, kwa mfano kama wafae kupanda miche au la. Kwa bei ya wiki hii hazifai kitu.

Bei ya wiki hii itafutwe kwa wakulima wenzetu. Sri Lanka idara yao ya mazao ya kuuza nje hutoa bei za karafuu kila wiki, na India bodi yao ya viungo huchapisha bei za viungo. Hizi ni sauti zilizo karibu na soko. Walakini angalieni fedha. Sisi kwa Kiswahili twasema "rupia" kwa fedha ya India, ya Sri Lanka, na ya Indonesia pia. Rupia ya Sri Lanka ni ndogo kuliko ya India, na ya Indonesia ni ndogo kupita zote. Mtu akisoma rupia za Sri Lanka akazigeuza kwa kiwango cha India, ataona karafuu zimegeuka dhahabu. Nionavyo mimi, uvumi mwingi wa bei kubwa huzaliwa hapo, wala si kwa ubaya.

Habari isiyo na tarehe nayo ni hatari. Mfano mzuri ni Indonesia. Hao ndio wenye karafuu nyingi kupita watu wote, na nyingi katika hizo wao wenyewe huzivuta katika sigara zao za kretek. Zamani walikuwa wanunuzi wetu wakubwa. Kisha wakapanda kwao, na katika miaka ya 1980 wakawa hawatuhitaji tena kama zamani, bei ikaporomoka, na wazee wetu waliyaona hayo kwa macho yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaundwa huko bodi moja ya kununua karafuu zote, na mwaka 1998 ikavunjwa. Sasa wakati mwingine huuza nje, na mwaka wa mavuno mabaya huingiza. Katika mtandao kurasa za nyakati zote hizo zimekaa pamoja, na ukurasa wa zamani hauna rangi ya kuukuu. Anayesoma kwamba "Indonesia yanunua karafuu zote za Zanzibar" asijue ni maneno ya lini, atapotea na atapoteza wengine.

Kuhusu zile taarifa za kununua, ziandikazo kwamba soko la karafuu litakua kwa asilimia kadha mpaka mwaka kadha, maneno yangu ni machache. Huuzwa kwa maelfu ya dola, na mara nyingi hazionyeshi hesabu imetoka wapi. Chama kisitoe hata shilingi. Na zile programu za akili bandia ambazo vijana huziuliza maswali, hizo zasema Kiswahili kizuri na hazina haya. Zaweza kukupa bei na tarehe zilizotungwa. Ziulize chanzo, kisha ufungue chanzo chenyewe usome kwa macho yako. Kama hakifunguki, au hakisemi hayo, jibu umekwisha kulipata.

Sasa nije kwenye barua za wanunuzi, maana hizi zimeanza kufika ofisini kwetu. Barua ya namna hii husema kampuni kubwa ya Ulaya yataka tani mia za karafuu, bei yao imepita ya wengine wote, ila yatakiwa ada kidogo ya usajili kwanza. Mnunuzi wa kweli wa karafuu za Zanzibar huanza kwa ZSTC; anayekuja moja kwa moja kwa chama kuomba tani mia, ama hajui biashara hii, ama aijua vizuri sana. Tazama anwani ya barua-pepe herufi kwa herufi, kwani wajanja hubadili herufi moja katika jina la kampuni ya kweli. Halafu ulitafute jina katika daftari la makampuni la nchi yao. La Uingereza, liitwalo Companies House, hufunguliwa bure, na Singapore wanalo lao liitwalo ACRA. Angalia kampuni imeandikishwa lini na kama ingali hai. Lakini kuandikishwa hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Namba ya simu usiitoe katika barua yao. Itafute mahali pengine, upige, uulize kama wanamjua huyo aliyeandika. Na mazungumzo yakifika katikati kisha akaunti ya benki ikabadilika, simamisha hapo hapo.

Ofisini limewekwa daftari la bei. Lina safu za tarehe, mahali, daraja, fedha, masharti ya FOB au CIF, na jina la aliyetoa habari. Mwanachama aliyepata ujumbe wa bei aulete kama ulivyo, asiufupishe, na aseme ameupokea kwa nani. Ambao hautajaza safu zote utaandikwa kwa kalamu ya risasi. Siku za Jumamosi, baada ya saa nne asubuhi, nitakuwapo kuwaonyesha wanaotaka jinsi ya kufungua ukurasa wa 0907, na mwenye simu yake aje nayo.

Katibu