Vitabu Gani Nibaki Navyo? Somo kwa Anayehama Parokia



Padre akihamishwa kutoka Shinyanga mjini kwenda parokia ya kijijini, nguo zake huenea kwenye begi moja. Vitabu ndivyo vinavyohitaji gari. Nilipohama mara ya mwisho nilikuwa na maboksi 11. Katika boksi la tatu nilikuta kitabu chenye jina la katekista aliyeniazima miaka mingi iliyopita. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nakihesabu miongoni mwa vyangu. Siku hiyo nilianza kupanga upya.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua mwisho wake umekaribia, alimwomba Timoteo amletee joho, vitabu, na hasa vile vya ngozi (2 Tim 4:13). Hata karibu na kifo alihitaji kusoma. Lakini alijua ni vipi anavyovihitaji zaidi. Nasi tujifunze kujua.

Kanisa linatupa mizani. Kanuni ya 279 inawataka wakleri waendelee na masomo matakatifu hata baada ya upadrisho. Kanuni ya 282 inawataka waishi maisha ya kiasi, na ziada ya wanachopata katika utumishi iwe kwa manufaa ya Kanisa na matendo ya huruma. Kabati la vitabu linapimwa kwa kanuni zote mbili, na mlei anaweza kujipima vivyo hivyo.

1. Rudisha vya watu. Amri ya saba haikuacha vitabu nje. Mwenyewe akiwa amefariki, wapelekee watoto wake. Kile cha katekista nilimpelekea binti yake. Alikishika muda mrefu bila kusema neno.

2. Baki na vya kazi ya kila siku: Biblia, Liturujia ya Vipindi, Katekisimu, Hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Sheria za Kanisa. Ila tazama toleo. Kitabu cha Sita cha Sheria, kinachohusu adhabu, kilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021. Namba 2267 ya Katekisimu, juu ya adhabu ya kifo, ilibadilishwa mwaka 2018. Ukimpa mtu nakala ya zamani, mwambie.

3. Linda visivyopatikana tena. Hati za Mtaguso zipo kwenye tovuti ya Vatikano. Ukitoa nakala yako, hazipotei. Lakini *Kueneza Injili kwa Methali*, kazi ya Padre Donald Sybertz na Padre Joseph Healey wa Maryknoll, iliyokusanya hekima ya Wasukuma, utaipata wapi? Vivyo hivyo vitabu vya nyimbo na sala za Kisukuma ambavyo bibi zetu walivitumia. Kama huvisomi, vipeleke maktaba ya seminari au ya jimbo kabla mchwa hawajavifikia.

4. Toa kwa kumfikiria mpokeaji. Huko Geita wachimbaji wadogo hawatupi marudio. Mchanga uliokwisha kupita mwaloni bado una dhahabu, na mwingine huununua akausafisha upya. Kitabu ulichokwisha kukimaliza kinaweza kuwa dhahabu kwa katekista wa kigango anayefundisha kwa daftari moja. Lakini usimpelekee kitabu cha lugha asiyoisoma, wala kilichokatika kurasa, halafu ukaita sadaka.

5. Sitiri vilivyochakaa. Misale na vitabu vya masomo vilivyokwisha kabisa vichomwe kwa heshima na majivu yafukiwe. Visiishie kufungia karanga sokoni.

Mimi nilihama na maboksi manne. Nikiri kwamba la nne lina vitabu ninavyovipenda tu, wala sijavifungua tangu nifike.

Maswali ya kutafakari
- Ni kitabu gani nyumbani kwangu kina jina la mtu mwingine?
- Ni kipi ninachokiweka ili wageni wakione?
- Katekista wa kigango chetu ana vitabu vingapi?