Mtoto Anayekataa Chakula

Je, mtoto wako hukataa ugali na maharage? Usimpige. Usimwache alale na njaa. Tumbo lake ni dogo, na ugali mkavu humchosha kutafuna.

Jaribu hivi. Loweka maharage usiku kucha. Yataiva upesi na kuni hazitatumika nyingi. Yaponde kwa mwiko pamoja na viazi vitamu vilivyochemshwa. Watoto hupenda utamu wa viazi.

Na dagaa je? Mtoto huogopa macho yake! Basi toa vichwa, osha, anika, kaanga bila mafuta, kisha twanga uwe unga. Weka katika kopo lenye kifuniko. Tia kijiko kimoja katika uji au mchicha. Hataona macho. Karanga pia zitwange laini sana, maana karanga nzima humpalia mtoto. Zenye ukungu ni sumu, zitupe.

Mpe sahani yake peke yake. Akila sinia moja na kaka zake, wao humaliza mboga. Nawe baba, usiuze mayai yote.

Lakini si kila anayekataa anadeka. Mwezi uliopita nililetewa mtoto wa miaka miwili. Nyumbani walisema anadeka tu, kumbe miguu ilikuwa imevimba. Huo ni utapiamlo mkali. Ukiona mtoto anavimba miguu, anakonda au hataki kucheza, mlete zahanati siku hiyo hiyo. Njoo na kadi yake.