ZIARA YA MTAE: KIJIJI CHA UKUNGU MWISHONI MWA VULI

Mwanafunzi wa sekondari aondokaye mjini Tanga asubuhi ya mwezi wa Desemba huwa na jasho mwilini kabla jua halijapanda sana. Mwanafunzi huyo huyo afikapo Mtae, kijiji kilichoko ukingoni mwa Milima ya Usambara ya Magharibi, huwakuta wenyeji wamevaa makoti na masweta, na hali yeye mwenyewe anatetemeka. Ukungu umefunika njia. Nyumba iliyo hatua hamsini mbele yake haionekani. Jua ni lile lile, tarehe ni ile ile, na mkoa ni ule ule. Kilichobadilika ni kimo cha mahali tu.

Katika vitabu vya Ulaya, baridi na ukungu wa namna hii huhusishwa na majira yanayotangulia kipupwe, wakati majani ya miti yapukutikapo. Wafasiri wengi wameyaita majira hayo "vuli". Lakini kwa mtu wa Tanga vuli ni mvua fupi za baina ya Oktoba na Desemba, wala miti haipukutishi majani kwa ajili yake. Baridi ya Mtae basi haina budi kutafutiwa sababu nyingine, na sababu hiyo huanza kuonekana njiani.

Njia ya kupanda

Barabara ya kwenda milimani huanzia Mombo, katika tambarare yenye joto na mashamba ya mkonge. Kutoka hapo hupanda kwa kona nyingi hadi Soni, kisha Lushoto, mji uliopo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mbele ya Lushoto msafiri hupita Magamba, penye msitu wa asili, halafu Lukozi, soko mashuhuri la kabichi, viazi na karoti, ndipo afike Sunga na hatimaye Mtae. Kijiji hiki kipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja kina milima na mashamba. Upande wa pili ardhi hukatika ghafula, na chini yake, kiasi cha mita 1,000, imetanda nyika ya Mkomazi, kavu na yenye rangi ya udongo.

Milima hii si ya volkano kama Kilimanjaro. Ni pande kubwa la miamba ya kale sana lililoinuliwa wakati ardhi ilipopasuka, na ndiyo maana kingo zake zimesimama kama ukuta. Ukuta huo ndio unaoilazimisha hewa itokayo baharini kupanda juu.

Kwa nini juu kuna baridi?

Wengi hudhani kwamba anayepanda mlima hulikaribia jua, hivyo angepaswa kupata joto zaidi. Lakini jua lipo mbali kiasi cha kilomita milioni 150. Kilomita moja na nusu si kitu mbele ya umbali huo. Tena, hewa haipati joto lake moja kwa moja kutoka kwenye jua. Jua huipasha moto ardhi na bahari, na hizo ndizo zinazoipasha hewa iliyo karibu nazo.

Sababu nyingine ni kanieneo, yaani kani ya hewa inayosukuma kila eneo. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyo juu yetu hupungua, na kanieneo nayo hupungua. Mtae kanieneo ni kiasi cha sehemu tano kwa sita tu ya ile ya pwani. Hewa ipandayo hutanuka, na katika kutanuka hutumia sehemu ya joto lake, hivyo hupoa. Kinyume chake huonekana katika pampu ya baiskeli: hewa ikigandamizwa, pampu hupata moto.

Kwa wastani halijoto hupungua kwa nyuzi 6 za Sentigredi hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ikiwa Tanga ni nyuzi 27, mahali penye mita 1,500 patakuwa na nyuzi 27 kutoa 9, yaani 18. Ukiongeza upepo na nguo zilizolowa umande, utaelewa kwa nini mgeni hutetemeka.

Wapishi wa Mtae nao hulijua jambo hili bila kulipima. Kwa sababu kanieneo ni ndogo, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100; huchemka penye nyuzi 95 hivi. Maharage yanayotokota huko basi hayapati joto lile yanalolipata yatokotapo Tanga, na hukawia kuiva hata moto ukiwa mkali.

Ukungu hutoka wapi?

Bahari ya Hindi ipo kiasi cha kilomita 100 mashariki ya Mtae. Maji yake hugeuka mvuke usioonekana, na upepo huuchukua kuelekea bara. Tuchukue kilo moja ya hewa ya pwani yenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80. Ndani yake mna gramu 18 hivi za mvuke. Hewa hiyo ikipandishwa mlimani, mwanzoni hupoa kwa nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ikifika karibu mita 460 imekwisha poa hadi nyuzi 22 na kidogo, na hapo haiwezi tena kuuhifadhi mvuke wote. Mvuke wa ziada huanza kuwa matone. Kitendo hiki huitwa mtonesho.

Mvuke utoneshapo hutoa joto, kwa hiyo toka hapo hewa hupoa polepole zaidi, kiasi cha nyuzi 0.4 kwa kila mita 100. Ikifika mita 1,500 ina nyuzi 18, na mvuke iliyoweza kubaki nao ni gramu 15.5 hivi. Gramu 2.5 zimekuwa matone madogo yanayoelea: ndio ukungu. Wingu na ukungu ni kitu kimoja; aliye bondeni huliona wingu likikumbatia mlima, na aliye mlimani husema amezungukwa na ukungu.

Je, maji hayo ni mengi? Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 huchukua kiasi cha kilo 165 za hewa ya pwani. Hewa yote hiyo ikipanda hadi Mtae hutoa matone yasiyofika nusu lita. Yaonekana kidogo. Lakini upepo haupeleki darasa moja. Hupeleka hewa usiku na mchana, kilomita baada ya kilomita.

Jani lililo kama kinga

Tone la ukungu lina kipenyo cha kama sehemu mbili katika mia za milimita. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 ni pana mara 100 kuliko hilo, na kwa kuwa ujazo hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu, hubeba maji ya matone milioni moja ya ukungu. Ndiyo sababu mvua huanguka na ukungu huelea.

Basi ukungu waweza kupita juu ya kilima kitupu na kwenda zake. Lakini ukipita katika msitu, kama ule wa Shagayu ulio karibu na Mtae, hugonga majani, kuvu na ndevu za miti zinazoning'inia matawini. Matone hushikamana, huwa makubwa, na kudondoka. Anayesimama chini ya mti mkubwa wakati wa ukungu huloa hata kama mvua hainyeshi. Tena maji hayo huangukia majani makavu na udongo wenye mizizi, huzama polepole, na kutokea tena chini kama chemchemi.

Upande wa pili wa ukingo mambo hugeuka. Hewa iliyokwisha toa maji yake hushuka kuelekea nyika, hugandamizwa, na kupata joto kwa nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ikiwa matone yote yamebaki mlimani, hewa iliyokuwa na nyuzi 18 itafika mita 500 ikiwa na nyuzi 28, na unyevu wake utakuwa kiasi cha asilimia 60 tu. Wakati wa kupanda, mahali penye mita 500 palikuwa na nyuzi 22 na wingu. Hiki ndicho kiitwacho kivuli cha mvua. Mtu asimamaye Mtae huweza kuona nchi mbili za hali ya hewa kwa kugeuza shingo.

Wasambaa waliitambua tofauti hiyo tangu zamani. Kwao Shambaai ni nchi ya juu, ya migomba na ubaridi. Nyika ni nchi ya chini, ya joto na mvua haba. Vijiji vikubwa vya kale vilijengwa karibu na ukingo ili watu waweze kulima nchi zote mbili: migomba juu, mahindi chini. Njaa ilipoingia upande mmoja, upande wa pili uliweza kuwa tegemeo. Wao pia husema juu ya "kuzifya shi", kuiponya nchi, na "kubana shi", kuiharibu. Mvua, chakula na uongozi vilitazamwa kama jambo moja.

Udongo unaoteremka

Maji yaliyoletwa na upepo hayana faida iwapo udongo hauyapokei. Katika mteremko mkali usio na majani, tone la mvua hupiga ardhi kama nyundo ndogo, chembe za udongo hutawanyika, na maji yanayotiririka huzichukua. Kadiri maji yanavyoongeza mwendo ndivyo yanavyobeba udongo mwingi zaidi.

Serikali ya kikoloni iliiona hatari hii. Mwaka 1946 ilianzisha huko Mlalo mpango uliowalazimisha wakulima kulima matuta katika miteremko, na baadaye mpango ukaenezwa Usambara. Wananchi waliupinga vikali. Kazi ya matuta ilikuwa nzito, nyingi yake iliwaangukia wanawake, faida haikuonekana upesi, na wengi walihofia kupoteza haki zao juu ya ardhi. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango uliachwa. Shabaha ya kuhifadhi udongo haikuwa kosa. Ila mkulima aliamriwa bila kusikilizwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza wilayani Lushoto mradi mwingine, SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani Magharibi. Njia yake moja ilikuwa kupanda mistari ya majani ya malisho kwa kufuata kontua, yaani mistari ya kimo sawa. Majani hayo hupunguza mwendo wa maji na kuuzuia udongo. Tena hukatwa kulisha ng'ombe wa zizini, na samadi yake hurudi shambani. Hapo mkulima huipata faida ya kuhifadhi ardhi mikononi mwake, si katika hotuba.

Jaribio: kupima kontua

Chukua fito mbili zilizonyooka, zenye urefu wa mita 2 kila moja. Zifunge pamoja ncha za juu, zitanue miguu, kisha funga ufito wa tatu katikati ili upatikane umbo la herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha umbo hilo juu ya vigingi viwili, tia alama kamba inapokatiza ufito wa katikati, kisha badilisha miguu na kutia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa nenda shambani: shikilia mguu mmoja mahali pake, sogeza wa pili hadi kamba ifike alama ya kati, piga kigingi, na endelea hivyo hivyo. Mstari wa vigingi utakaoupata ni kontua.

Kurudi baharini

Katika msitu wa Shagayu huanzia Mto Umba. Hupita Mlalo, hushuka hadi Mng'aro penye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, hukata nyika na kuvuka mpaka, ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga nchini Kenya. Maji yaliyoondoka baharini bila kuonekana hurudi huko huko yakionekana. Ukungu wa Mtae ni kituo kimoja tu cha safari hiyo. Yakirudi meupe, udongo umebaki mlimani; yakirudi mekundu, shamba la mtu limekwenda nayo.

MASWALI

1. Halijoto ya pwani ikiwa nyuzi 30, kadiria halijoto ya mahali penye mita 2,000, ukitumia wastani uliotajwa.

2. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 1 hubeba maji ya matone mangapi ya ukungu yenye kipenyo cha milimita 0.02?

3. Eleza kwa nini hewa iliyovuka mlima huwa na joto zaidi kuliko ilivyokuwa katika kimo kile kile kabla ya kuvuka.

4. Jaza masanduku mawili udongo ulio sawa. Moja lipandwe majani, la pili liachwe tupu. Yainamishe sawasawa, yamwagilie lita moja kila moja, na kinga maji yatokayo. Linganisha wingi wake na rangi yake.

5. Jadilini darasani: kwa nini ujuzi ulio sahihi waweza kukataliwa na watu unaokusudiwa kuwasaidia?