Reli ya Sakafuni: Kuanza Treni za Modeli na Mtoto Mdogo

Mpe mtoto wa miaka minne treni ya kuchezea, kisha kaa pembeni umwangalie. Atalala kifudifudi, ataweka shavu sakafuni, atafumba jicho moja na kuisubiri ije. Kutoka hapo chini kichwa cha treni ni kikubwa kama nyumba, na kochi la sebuleni ni mlima. Mzazi aliyesimama anaona kitu kingine kabisa: duara la plastiki linalomzuia kupita kwenda jikoni.

Wazazi wengi wanaotaka kuanza treni za modeli pamoja na watoto hujikwaa hapohapo. Wananunua reli ya kutazamwa kutoka juu, nzuri, ya bei, yenye vipande vinavyovunjika ukivipumulia, halafu jioni nzima wanashinda wakisema, "Usiguse." Baada ya wiki mbili seti imerudi kwenye boksi na boksi limepanda juu ya kabati. Makala hii inafuata njia nyingine: tuanze pale jicho la mtoto lilipo, na kwa vitu ambavyo mkono wake unaweza kuvishika, kuvigonga na kuvitengeneza upya.

Treni ipi kwa umri gani

Kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne, treni ya mbao inayosukumwa kwa mkono bado haijapata mpinzani. Kampuni ya BRIO ya Sweden ilianza kuuza treni za namna hiyo mwaka 1958, na leo watengenezaji wengi hufuata vipimo vinavyokaribiana, kiasi kwamba reli za kampuni moja mara nyingi huungana na za nyingine. Mabehewa hushikana kwa sumaku. Hapo mtoto hupata somo lake la kwanza la fizikia bila mwalimu: upande mmoja behewa linavuta, ukiligeuza linasukuma. Mwache ahangaike nalo mwenyewe. Kabla ya kununua, angalia umri ulioandikwa kwenye boksi, hasa kama mtoto hajafika miaka mitatu na bado kila kitu anakipima kwa mdomo.

Kuanzia miaka mitatu hivi, treni za betri zenye reli za plastiki huingia vizuri. Wajapani wana Plarail, yenye reli za buluu, iliyoanza mwaka 1959. Wengine hupendelea treni za Duplo. Uzuri wa treni hizi ni kwamba kichwa kikianguka kutoka mezani huokotwa na kuendelea na safari. Treni za umeme zenye reli za chuma zisubiri hadi mtoto awe na miaka saba au minane, na hata hapo mzazi awe pembeni.

Na kama hakuna duka la treni karibu, hujakwama. Watoto wetu wametengeneza magari ya waya na ya makopo miaka nenda miaka rudi, wala treni haishindikani. Chukua viberiti vitupu vitano, vitoboe mwisho mmoja na mwingine, viunganishe kwa uzi wa mkonge. Vizibo vya soda viwe magurudumu. Kwa kuwa kingo zake hukata, vipigepige kwanza kwa nyundo mpaka vilale. Boksi la dawa ya meno, lililokatwa madirisha, linatosha kuwa kichwa. Chora reli mbili kwa chaki kwenye sakafu ya saruji na panga vijiti vya aiskrimu katikati yake viwe mataruma. Treni hii ina faida moja ambayo seti ya gharama haina: umeme ukikatika, safari inaendelea.

Maana ya herufi kwenye boksi

Siku utakapofika kwenye treni za umeme utakutana na herufi kama N, HO, OO na O. Hizo hueleza kitu kimepunguzwa mara ngapi. HO ni mara 87: mtu mzima anakuwa na urefu wa sentimita 2 hivi, na behewa la mita 25 linakuwa sentimita 29. N ni mara 160, na behewa hilohilo linashuka hadi karibu sentimita 16. OO ya Waingereza ni mara 76, lakini hutembea kwenye reli zilezile za HO, ambazo zimeachana kwa milimita 16.5.

Mtu mwenye chumba kidogo huvutiwa na N. Kwa mtoto, hilo ni kosa. Magurudumu ya N ni madogo mno kwa vidole vyake. Kila treni ikitoka relini atakuita wewe uirudishe, na baada ya mara kumi nyote wawili mtakuwa mmechoka. HO au OO inafaa zaidi.

Kuna hesabu moja tamu ya kufanya na mtoto aliyeanza kugawanya. Reli za SGR, yaani reli ya kisasa, ya Kenya na ya Tanzania, zimeachana kwa milimita 1,435. Gawanya kwa 87 utapata 16.5, upana wa reli za HO. Reli kongwe, kama ile iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, zimeachana kwa mita moja. Ukiigawanya kwa 87 unapata milimita 11.5. Reli za modeli za mtindo huo zipo, zina upana wa milimita 12, ila ni adimu na bei yake imechangamka. Kwa hiyo anayetaka mfano wa SGR sebuleni anaanza na seti ya kawaida kabisa.

Zawadi kutoka ng'ambo na soketi ya nyumbani

Seti nyingi huja na shangazi au mjomba anayerudi kutoka ng'ambo, na hapa ndipo nyingi zinapoungua. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120. Wetu wa Afrika Mashariki ni 230 hadi 240. Kabla ya kuchomeka chochote, geuza adapta usome maandishi madogo mgongoni mwake. Ikiwa imeandikwa 100–240V, unahitaji plagi ya kubadilishia tu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke ukutani. Tafuta adapta nyingine inayotoa umeme wa aina na kiwango kilekile kinachotakiwa na treni, na kama huna uhakika mpelekee fundi wa umeme. Seti iliyonunuliwa Uingereza huja na plagi ya miguu mitatu ya bapa kama ya kwetu. Ya Ujerumani ina volti zinazotufaa ila plagi yake ni ya miguu miwili ya duara.

Jambo jingine kwa wanaonunua vya mitumba Ulaya: treni za HO za kampuni ya Märklin huchukua umeme kwa namna ya peke yake, kupitia vidoti vya chuma katikati ya reli. Haziendi kwenye reli za kawaida za HO, wala za kawaida haziendi kwenye zake. Usichanganye.

Kwenye seti ya kawaida, reli moja hubeba chanya na ya pili hasi. Magurudumu ya chuma huokota umeme huo, ambao kwa kawaida hauzidi volti 12 hivi, na kuupeleka kwenye mota. Geuza swichi, chanya na hasi zinabadilishana, treni inarudi nyuma. Mtoto akilaza kijiko juu ya reli zote mbili, hiyo ni shoti na treni itasimama. Kwa sababu hiyohiyo usianze na reli inayopinda kama kitanzi na kurudi kujiunga na njia ileile iliyotokea, kwa kuwa reli ya chanya itaikuta ya hasi. Mwanzo mzuri ni umbo la yai.

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye reli. Iko kwenye vitu vidogo. Betri bapa za mviringo, zinazofanana na vitufe vya shati, zikikwama kooni zinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Hakikisha mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Sumaku zilizochomoka nazo ni hatari, kwa sababu zikimezwa mbili huvutana ndani ya utumbo na kuubana. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza kimojawapo, nenda hospitali papo hapo, usingoje dalili.

Sakafu kwanza, meza baadaye

Miezi ya mwanzo reli ikae sakafuni, ijengwe na kubomolewa. Kujenga ndiyo nusu ya mchezo. Mtoto akiunganisha vipande vibaya na treni ikaanguka, hesabu hadi ishirini kabla ya kunyoosha mkono wako. Mara nyingi ataliona kosa mwenyewe. Chagua kona isiyopitwa na watu, isiyopigwa deki kila asubuhi, na isiyo na zulia lenye manyoya, kwani manyoya huingia kwenye ekseli na kuikaba mota.

Mkiona mapenzi yamekomaa, jengeni ubao. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatosha umbo la yai la HO na nafasi ikabaki ya stesheni. Nyumba ikiwa ndogo, ikateni vipande viwili vinavyosimamishwa nyuma ya kabati. Meza isiwe ya kimo chako. Msimamishe mtoto, weka kiganja kifuani pake, na uso wa meza uishie hapo. Kwa kimo hicho treni inapita karibu na macho yake.

Mandhari haihitaji duka. Unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala, uliopakwa rangi ya kijani na kukaushwa juani, ni majani. Nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi ni nyasi za kiangazi. Sponji ya kuoshea vyombo iliyochanwachanwa, ikichomekwa kwenye kijiti, ni mwembe. Gundi nyeupe ya mbao inashika vyote. Tuta la reli likatwe kwenye kadibodi.

Treni ikigoma

Mara nyingi treni ya umeme inayogoma haijaharibika. Reli zake zimechafuka. Vumbi la kiangazi, mafuta ya vidole na kutu nyembamba huzuia umeme kufika kwenye magurudumu. Chomoa umeme, lowesha kitambaa safi kwa spiriti kidogo, futa uso wa reli, kisha uache ukauke kabisa. Kazi ya spiriti ni ya mzazi. Usitumie msasa, kwa kuwa mikwaruzo yake hugeuka makazi ya uchafu. Kama treni inasimama mahali palepale kila mara, kagua viungo vya hapo, huenda kimoja kimelegea. Kama treni inaanguka palepale, telezesha kidole juu ya kiungo. Ukihisi ngazi, umempata mkosaji.

Mfundishe mtoto utaratibu huo: kwanza reli, pili viungo, tatu magurudumu. Atajivunia kuwa fundi zaidi ya kuwa abiria.

Ipe safari

Treni inayozunguka tu humchosha mtoto ndani ya robo saa. Inayokwenda mahali haimchoshi. Ukimpeleka stesheni mkapanda pamoja, tuseme Dar es Salaam hadi Morogoro kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, atarudi na mambo ya kujenga: nyaya za juu, tangazo la kipaza sauti, milima ya Uluguru dirishani. Anayeishi Nairobi ana makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mle kimo "Mount Gelai", kichwa kikubwa cha mvuke kutoka jamii ya vichwa vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nanyi kipeni kichwa chenu jina la mlima mnaoujua.

Safari kama hiyo ndiyo nafasi ya kumweleza kwamba reli ya kweli si ya kuchezea. Treni kubwa huhitaji mamia ya mita kusimama, na nyaya za SGR ya Tanzania hubeba volti 25,000. Tunavuka palipotengwa tu, huku tumeshikana mikono.

Mkirudi nyumbani, kateni tiketi kutoka boksi la biskuti, tafuteni filimbi na kitambaa cha kijani. Mtoto awe stesheni masta, wewe uwe abiria mwenye mizigo mingi. Akitangaza kwamba treni imechelewa kwa sababu kuna tembo relini, na tembo mwenyewe ni paka wa nyumbani, usiharakishe safari. Lala kifudifudi karibu naye, weka shavu sakafuni, msubiri tembo aondoke.